Gitaa la Magoti

Namshukuru Mungu, mwenye pumzi yangu, aliyenivusha mvua nyingi na jua jingi na bado ananiamsha asubuhi nikiwa na jambo la kumwambia. Yeye aliweka sauti kooni mwa ndege na ndani ya uzi wa chuma, naye husikia kabla sisi hatujaamua kama tunachosikia kinafaa. Asifiwe kwa yale aliyonipa nikayapokea kwa furaha, na asifiwe kwa yale niliyoyapokea nikiwa nimeinamisha uso, maana hayo ndiyo yaliyonichukua muda mrefu zaidi kuyashukuru. Anisaidie kuandika haya bila kujipamba, na bila kumwonea mtu aliyetangulia mbele zake.

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Lohay nyumbani kwake, kijijini Daudi. Ukungu ulikuwa haujainuka, na udongo mwekundu uling'ang'ania viatu vyetu. Baada ya maziko, watu wakiwa wanasubiri chakula, msemaji wa familia aliomba mtu aliyefanya kazi na marehemu aseme neno. Waliobaki wa siku zile ni wachache, wakanitazama mimi. Nikasimama, nikasema Bwana Yesu asifiwe, nikasema nilikuwa naye kwenye mashamba ya ngano kule Basotu, kwamba alikuwa fundi mzuri wa mashine, mwaminifu, asiyekuja kazini amelewa. Nikaketi. Mjukuu wangu Anna, ambaye anafundisha kwaya, aliniinamia akaninong'oneza, "Bibi, mbona hujasema la gitaa? Si yeye aliyelitengeneza?" Nikamwambia, "Nyamaza, watu wanaomba." Hakuna aliyekuwa anaomba. Nilikuwa nimeona haya, mimi mwanamke mwenye vitukuu, kwa jambo lililotokea kabla mama yake Anna hajazaliwa, na magoti yangu chini ya kitenge yalikuwa yamebanana mpaka yanauma. Ndipo nikaona heri niandike. Nitaeleza mwaka ule mmoja tu. Ya ukoo wangu na ya utoto wangu wengine wanayajua, hapa hayana kazi.

Mwaka ule nilikuwa mpishi wa kantini katika shamba mojawapo la ngano la serikali, upande wa Basotu. Nilikuwa msichana ambaye bado hajaolewa, na nililala chumba kimoja na Mwanaidi, nesi wa zahanati ya kambi, aliyeletwa kutoka Tanga na ambaye hakuacha hata siku moja kuuliza ni nani aliyewadanganya watu kwamba huku ni mahali pa kuishi. Chumba chetu kilikuwa cha mabati pande zote. Mchana kilichemka, asubuhi kilikuwa baridi kiasi kwamba mafuta ya nazi ya Mwanaidi yaliganda chupani, naye akayakalia ili yayeyuke huku akisema Bismillahi. Tulikula chapati nene za ngano ya pale pale na samaki wa ziwani, na kila alipomwonja samaki alisema, "Angepata tui huyu, Debora, angeingia peponi." Ukifungua mlango uliona ngano mpaka macho yanachoka, na nyuma yake mlima Hanang ukiwa na wingu lake. Wakati mwingine wafugaji walipita na ng'ombe pembeni mwa shamba, wakizunguka mbali kutafuta njia ambayo trekta haijailima. Tuliwatazama wakipita, tukarudi kukanda unga. Hilo nalo nalikumbuka nikiwa naomba.

Karakana ya kambi ilikuwa na fundi kutoka Kanada, aliyekuja kufundisha matengenezo ya kombaini. Tulimwita Bwana Roi. Alikuwa mtu mnene, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa maneno machache aliyoyatumia kwa kila jambo. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba shikamoo ni salamu ya heshima, basi akamwamkia kila aliyekutana naye, hata sisi wasichana wa jikoni. Ilikuwa vigumu kujua ukimbie au uitikie. Jumamosi moja mchana nilipeleka birika la chai karakana, nikiwa sijafika mlangoni nikasikia sauti, nikasimama. Nimejaribu miaka yote kuieleza sauti ile. Ilianza mahali pamoja ikafika mahali pengine bila kuinua mguu njiani. Huku kwetu milimani mwanamke humwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde, na mwisho wa mwito wake hushuka taratibu mpaka unaingia kwenye majani. Ilikuwa hivyo, lakini ilikuwa sauti kadhaa kwa pamoja, moja ikishuka na nyingine zikibaki zimesimama kuisubiri. Nikaingia. Bwana Roi alikuwa ameketi mbele ya kitu kama meza nyembamba yenye miguu minne na nyuzi kumi juu yake, mkono mmoja ukiteleza na kipande cha chuma cha mviringo, mwingine ukidonoa, na chini miguu yake inakanyaga pedali kama dereva. Akaniona, akasema, "Shikamoo." Nikaweka birika chini nikatoka, maana machozi yalikuwa yamenijaa na sikujua nitamwambia ni ya nini.

Fundi Lohay alikuwa mchomeleaji wa karakana ile. Sote wawili tulikuwa wa kanisa moja huko Daudi, yeye akiimba besi na mimi alto, na tulipanda lori la shamba kwenda nyumbani kila tulipopata nafasi. Hakuwa mtu wa kulia kwa muziki. Yeye alitaka kujua kinachoendelea chini ya meza. Bwana Roi alipokaribia kumaliza mkataba wake alilipindua gitaa juu ya gunia, miguu hewani, akamwacha Lohay alale kifudifudi kando yake alitazame kutwa nzima. Alipoondoka aliondoka na gitaa lake, akamwachia seti ya nyuzi na kumpa mkono. Mvua zilipoanza, kombaini zikiwa zimefunguliwa vipande vipande zisubiri mavuno, Lohay akaanza kutengeneza la kwake baada ya saa za kazi.

La kwanza alilitengeneza kwa mbao laini, na sauti ikafa haraka kama maneno ya mtu mwenye usingizi. Akalivunja. Nyuma ya karakana palikuwa na bodi la lori lililooza chuma, lakini mbavu zake zilikuwa za mninga, zimekaushwa na jua la miaka. Meneja akamruhusu kuchukua ubavu mmoja. Akaupiga randa, akausugua kwa msasa, na alipofunga uzi mmoja tu na kuudonoa tukakaa kimya kuusikiliza mpaka ulipokwisha wenyewe, nao ulichukua muda. Springi alizitoa kwenye mashine ya kupandia, fimbo za kuvutia nyuzi kwenye breki za baiskeli. Waya wa shaba, mwembamba kama unywele, aliufungua kwenye koili mbovu akauzungusha upya juu ya sumaku za spika ya redio iliyokufa. Chuma cha mkononi kilikuwa pini ya pistoni, aliyoing'arisha mpaka unaweza kujiona. Lakini lilipofungwa kwenye spika lilikoroma. Madereva walikusanyika. "Fundi, meza yako inaumwa tumbo!" "Mpe Mwanaidi ampige sindano!" Lohay aliweka sikio juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayesikiliza ndama tumboni, kisha akakata pete ndogo za ngozi ya ng'ombe akazitia kila mahali ambapo chuma kilikutana na chuma. Mkoromo ukaisha. Kilichobaki ilikuwa sauti ile ya mlangoni.

Hakuna aliyeweza kulipiga. Mpiga gitaa wa kwaya alijaribu, mikono yake ikafuata miguu na miguu ikafuata mikono. Lohay akanitazama. "Dada Debora, wewe si ulishona cherehani ya miguu kule misheni? Mkono una lake, mguu una lake. Kaa hapa." Nikakaa. Ndipo nikaona kwamba mbali na pedali kulikuwa na vyuma viwili vinavyoning'inia chini ya meza, kimoja kila upande, vya kusukumwa kwa magoti kwenda nje. Ni lazima nieleze, kwa sababu hapo ndipo palipoanza yote. Huku kwetu msichana hufundishwa kukaa kabla hajafundishwa kusema sana. Miguu inanyooshwa pamoja au inakunjwa upande mmoja, na bibi anakuwa na kijiti kidogo cha kugusa goti linalosahau. Nikamwuliza, "Fundi, hiki cha goti ni lazima?" Akasema, "Ukisogeza pini ya mkononi, nyuzi zote zinashuka pamoja kama mbuzi mteremkoni. Goti linashusha uzi mmoja peke yake, do inakwenda ti, wenzake wanabaki. Hapo ndipo wimbo unapoinama. Bila hapo ni kengele tu." Niliuliza kama hakiwezi kuwekwa mguuni. Akanionyesha: mguu wa kushoto ulikuwa na pedali zake, wa kulia ulikuwa na pedali ya kukuza na kupunguza sauti. Palibaki magoti tu.

Nikajifunza mle karakana, nimevaa sketi pana, na baada ya wiki chache nikasahau kabisa kwamba nina magoti. Karakana ni mahali pa miguu. Kila mtu amelala chini ya mashine na miguu imechomoza nje, hakuna anayemtazama mwenzake alivyokaa. Mwanaidi alikuja na mshono wake akaketi juu ya tairi, na nilipofika pale wimbo unapoinama alisema "Allah" polepole, sindano ikisimama hewani. Nilikuwa na furaha, na furaha ile haikuniacha nifikiri mahali pengine. Ndiyo maana nasema kosa la kwenda na gitaa lile Daudi bila kufikiri lisingefanywa na mtu mwingine isipokuwa sisi, watu wa Daudi tuliokaa karakana mpaka tukasahau tunatoka wapi.

Tulilipeleka Jumapili ya mavuno. Kanisa lilijaa mahindi, maboga, kuku waliofungwa miguu, na debe la ngano tulilopewa na shamba. Waliniweka mbele, upande wa kwaya, mkabala na watu. Tulipiga wimbo wa shukrani ambao kwaya yetu ilikuwa imeutunga kwa Kiiraqw. Nilipoanza kulikuwa na minong'ono, halafu nilipofikia ubeti wa pili kanisa lote likanyamaza. Hata watoto walinyamaza. Nikawaza, Roho ameshuka. Nikakaza goti la kushoto, uzi ukainama, ukarudi, nikasikia baridi mgongoni kwa uzuri wake. Nikainua macho nimtafute mama yangu. Alikuwa benchi ya tatu, ameinamisha uso mpaka kilemba chake tu ndicho kilichoonekana. Nikadhani analia kwa furaha.

Baada ya ibada nilikwenda nyuma ya kanisa kusaidia kupakua makande. Ukuta wa jiko ulikuwa wa fito, na wanawake waliokuwa ndani hawakuniona.

"Umeona?"

"Nione wapi? Nilifunika uso."

"Goti hili huku, goti lile kule. Mbele ya madhabahu!"

"Yule anapiga muziki au anakamua ng'ombe?"

Wakacheka. Mmoja, nadhani mkubwa wao, akasema, "Lakini sauti ilikuwa nzuri, jamani."

"Sauti gani? Nani alisikia sauti?"

Nilisimama nimeshika bakuli tupu. Kilichoniumiza hakikuwa kicheko. Ni kwamba ule ukimya nilioudhania ni wa Mungu ulikuwa wa kutazamwa, na mimi ndani yake nilikuwa nimefurahi. Mpaka leo nikisikia kanisa limenyamaza ghafla wakati mtu anaimba, uso wangu unawaka moto kwanza, kabla sijajua kwa nini. Sikula. Nilikwenda nyumbani kwa njia ya mashambani ili nisikutane na mtu.

Wazee wa kanisa waliniita siku zilizofuata. Kiongozi wao alikuwa Mzee Bura, mtu mkali lakini asiye na chuki, aliyenishika mkono nilipobatizwa. "Shikamoo baba." "Marahaba binti yangu. Kaa." Nikatafuta namna ya kukaa kwenye kile kiti na sikuipata, nikabaki kwenye ncha. Akasema hawalaumu muziki. Akasema kanisa lina wasichana wengi wanaotazama, na kwamba mpaka jambo hili litengenezwe nisisogee kwenye Meza ya Bwana, na siku za ibada nikae benchi ya nyuma. Aliyewahi kukaa benchi ile anajua. Haina maandishi yoyote juu yake, lakini kila anayeingia kanisani huitazama kwanza kuona leo yupo nani. Mama yangu alikuwepo, amesimama mlangoni. Tukiwa njiani nilimwomba aseme kitu. Akasema, "Niseme nini? Tembea."

Nilirudi Basotu nikamweleza Mwanaidi. Alikuwa anakaanga samaki, akageuka na kijiko. "Basi hilo ndilo la kukufanya usile? Tia pazia! Nyumba zote zina mapazia." Siku hiyo hiyo akaanza kushona. Lilikuwa pazia zuri la bluu, lenye marinda, linalofunga meza ya gitaa mbele na pande mbili mpaka chini. Nililibeba Daudi nikiwa na matumaini makubwa. Mzee Bura akakubali lijaribiwe mbele ya wazee na wake zao, siku ya kazi, kanisa likiwa tupu. Nikaketi, pazia likashuka vizuri, sikuonekana kuanzia kiunoni. Mzee Bura akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza. Nilipofika mahali pa goti, pazia likavimba upande wa kushoto, likatulia, likavimba tena. Wote wakainama mbele kutazama. Mke wa Mzee Bura, mama mnyenyekevu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akauliza, "Mmefunga mbuzi humo?" Akaziba mdomo, lakini ilikuwa tayari. Wazee wale waliojikaza walitetemeka mabega. Hata Lohay aligeukia ukutani. Mimi nilitaka ardhi inimeze na gitaa lake. Mzee Bura alipopata sauti alisema, "Binti yangu, kwanza tulikuwa tunaona. Sasa tunawaza. Ni vibaya zaidi."

Wakaamua vyuma vya magoti vitolewe. Lohay akabishana nao, akawaeleza habari ya uzi mmoja na wenzake, akawaambia ni sawa na kumng'oa mtu ulimi ili asiwatemee watu mate. Mzee Bura akamjibu, "Fundi, wewe unaokoa chombo. Sisi tunaokoa mtu." Na tulipotoka Lohay akaniambia, "Useme wewe. Ukikataa, sitavitoa." Nikamtazama mama yangu, aliyekuwa akinisubiri nje. Alikuwa amechoka, na wale wanawake wa jikoni walikuwa majirani zake wa kila siku, wa kisimani na wa kusaga. Akasema, "Dasi," ndivyo sisi tunavyomwita binti, "rudi kwenye Meza ya Bwana. Nimechoka kugeuka nyuma kukutafuta." Nikamwambia Lohay avitoe. Alivitoa pale pale, akavifunga kwenye kitambaa cha mafuta.

Kanisani kwetu anayerudi husimama mbele, husema kosa lake kwa kinywa chake, na watu huitikia kwamba wamemsamehe. Jumapili yangu ilipofika nilisimama. Nikasema, "Nilikaa bila heshima nyumbani mwa Mungu. Naomba mnisamehe." Wakaitikia. Nimeishi na sentensi ile miaka mingi, na nimeigeuza huku na huku katika maombi. Sikuwa nimesema uongo, kwa maana kama wao waliona hivyo, basi niliwakwaza. Lakini ndani yangu nilijua kwamba siku ile ya mavuno hakuna mahali popote duniani ambapo nilikuwa nimekaa na heshima kuliko pale. Nilisema maneno yale na nikaona haya mbele ya watu, na nilipoyamaliza nikaona haya mbele za Mungu, na sikujua haya ipi niifuate. Kisha wakaniambia nipige. Nikapiga wimbo ule ule, magoti yamebanana. Nilipofika mahali pake goti la kushoto likasukuma lenyewe, likakuta hewa. Do ikabaki do. Wimbo ukapita pale umesimama wima kama askari. Walipenda. Nje walinishika mikono. "Leo umepiga vizuri!" "Leo ndiyo tumesikia!" Mzee Bura mwenyewe alinibariki. Lohay aliondoka bila kula.

Tulikuwa tumefika kwenye kile kijito cha chini ya nyumba yetu, mimi na mama, ndipo aliposimama. Akatua kikapu.

"Siku ile ya kwanza niliona haya," akasema. "Nilitamani nisiwe mama yako. Mungu anisamehe, nilitamani hivyo."

"Najua, mama."

"Leo nimeona haya zaidi."

Nikamwuliza kwa nini, na mimi nilikuwa nimebana miguu vizuri.

"Kuna mahali unainama ule wimbo. Leo haukuinama." Na mama yangu, ambaye hakuwahi kuimba kwenye kwaya, ambaye alisema sauti yake ni ya kuitia ng'ombe, akaimba pale pale kando ya maji. Akaimba ule mstari, akaushusha uzi ule mmoja kwa koo lake, akaurudisha. Haukupungua kitu. "Hapo," akasema. "Wamepafanya nini?"

"Ndiyo magoti yale, mama."

Akainua kikapu. "Mwambie Lohay avirudishe."

"Na wazee?"

"Wazee watanikuta nimekaa."

Sikuelewa alichomaanisha mpaka Jumapili ya mimi kupiga tena. Lohay alikuwa amerudisha vyuma, nami nilikwenda mbele. Kabla sijaanza, mama alitoka benchi ya tatu na kigoda chake cha kukamulia, akakiweka mbele ya gitaa, kati yangu na watu. Akaketi. Akatandaza sketi zake mbili na shuka lake pande zote mpaka meza ikafunikwa, akaweka mikono mapajani, akainua uso, akawatazama. Kila mmoja, benchi kwa benchi. Mzee Bura alimwendea, akainama. "Mama Debora, keti na wenzako." Akajibu kwa sauti ambayo kanisa lote liliisikia, "Baba, hapa naona vizuri." Nikapiga. Aliyetaka kuona magoti yangu ilimbidi kwanza akutane na macho ya mama, na hakuna aliyefika mbali zaidi ya hapo. Wimbo ukainama. Nyuma yake, nikiwa nimeficha uso wangu kwenye kivuli cha kilemba chake, niliona haya kuliko siku zote, kwamba mwanamke wa umri ule amekalia kigoda mbele ya kanisa kama mlango, kwa ajili yangu.

Wazee walisema mchungaji ndiye atakayeamua kama nirudi kwenye Meza ya Bwana. Mchungaji alihudumia makanisa mengi na Chakula cha Bwana kilitufikia kwa nadra, kwa hiyo nilikaa nikingoja mpaka Krismasi. Aliyekatazwa hupitwa. Mkono wa mchungaji unafika kwake, unasita, unakwenda kwa anayefuata, na kila mtu anaona. Krismasi ile nilipiga na magoti yangu yote mawili, mama akiwa kwenye kigoda chake, mchungaji ameketi pembeni akitazama. Watu walipoitwa mezani nilibaki nimeketi. Mama akainuka, akanishika kiganja kama mtoto, tukaenda tukapiga magoti pamoja. Mzee Bura alikuwa nyuma ya mchungaji, ameshika sahani. Nilimsikia mchungaji akimwuliza kwa sauti ya chini, "Ni huyu?" Mama hakuinua macho safari hii. Alikuwa ametandaza viganja vyake kando ya vyangu, vimepasuka kwa jembe, vimegusana na vyangu kiasi kwamba usingeweza kupita kimoja bila kingine. "Ni hawa wawili," akasema Mzee Bura. Nikasikia mkate ukiguswa kiganjani mwangu. Nikaula uso ukiwaka, nikiwa sina neno la kumpa Mungu isipokuwa haya yangu yenyewe, nami naamini aliipokea.

Wewe unayesoma, Bwana akubariki kuingia kwako na kutoka kwako. Akupe mtu wa kukaa mbele yako siku utakapotazamwa, na siku nyingine akupe nguvu za kukaa wewe mbele ya mwenzako. Asiupite mkono wako ukiwa umetandazwa. Amina.